Nilikaza Waya, Nikauficha Ugonjwa: Kisa cha Breki za Nyuma Barabara ya Manyovu

Kwa nini nakiandika

Gari la kisa hiki liliishiwa breki mlimani wiki tatu baada ya kupita kwenye mikono yangu. Hakuna aliyeumia. Mwenye gari ameniruhusu nisimulie kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, kazi yake wala aina ya gari lake, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Vipimo vya pedi na diski sijavigusa. Nimevinakili kutoka kwenye daftari la gereji.

Nawaandikia mafundi wenzangu wa hapa Kigoma, hasa vijana, pamoja na yeyote mwenye gari la familia lenye diski nyuma. Wengi wetu tumejifunza kazi kwenye magari yenye diski mbele, yaani bamba la chuma linalobanwa na pedi pande mbili, na dramu nyuma, yaani kopo la chuma linalosukumwa na shuu kutoka ndani. Siku hizi magari yenye diski nne yamejaa mjini, nasi tunayatibu kwa mazoea ya dramu. Mimi nilifanya hivyo.

Gari na mwenyewe

Ni wagoni iliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, otomatiki, injini cc 2000, diski magurudumu yote manne. Mwenye gari ni mama wa watoto watatu, na huu ni mwaka wake wa nne nalo. Siku za kazi linazunguka mjini: shule, ofisini, soko la Mwanga. Mara moja kwa mwezi linapanda Manyovu kwa wakwe, likienda na migebuka na dumu la mawese, likirudi na ndizi na maharage. Pedi za nyuma zilibadilishwa mara moja tu, kwenye mkoa mwingine, kabla familia haijahamia huku.

Kuna tabia moja ya mwenye gari ambayo ina uzito katika kisa hiki. Hendibreki alikuwa haivuti. Aliyemfundisha kuendesha alimwambia otomatiki ukiweka P inatosha, naye akashika hivyo kwa miaka yote minne.

Breki hii inavyofanya kazi

Ukikanyaga breki, uzito wa gari unahamia mbele: pua inainama, nyuma inanyanyuka. Kwa sababu hiyo breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, za nyuma zikisaidia. Watu wakisikia hivyo hudhani breki za nyuma hazina haja ya kuangaliwa sana. Kumbe huko kufanya kazi kidogo ndiko kunakoziumiza. Diski ya nyuma haipati joto la kutosha kukausha unyevu na kusugua kutu, na matope ya masika pamoja na vumbi letu jekundu hukaa humo kwa raha zake. Breki ya mbele kwa kawaida inachakaa kwa kutumika. Ya nyuma, mara nyingi, inaharibika kwa kukaa bila kujongea.

Kalipa, yaani kibano kinachozibana pedi kwenye diski, kwa gari hili ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Mafuta ya breki yanaisukuma, nayo inaisukuma pedi ya ndani mpaka ibane diski. Pedi ya nje haina pistoni yake. Inaletwa na mwili wa kalipa wenyewe, unaoteleza juu ya pini mbili: pistoni ikisukuma upande huu, kalipa nzima inavutwa upande ule, na diski inabanwa pande zote mbili kwa nguvu sawa. Pini zikiganda, mwili hautelezi. Pedi ya ndani inabaki kufanya kazi peke yake na kuisha, ya nje inabaki nono. Sasa ukichungulia kupitia matundu ya rimu, pedi unayoiona ni ipi? Ni ya nje.

Kurudi nyuma kwa pistoni nako hakuna springi. Kuna sili ya mpira inayoizunguka. Breki ikikanyagwa inajinyonga kidogo, ikiachiwa inajinyoosha na kuirudisha pistoni kiasi kidogo sana. Kutu kidogo tu kwenye pistoni kinatosha kuishinda sili hiyo.

Halafu kuna hendibreki, na kwenye diski za nyuma ziko aina mbili ambazo fundi lazima azitofautishe kabla hajashika spana. Aina ya kwanza ina shuu ndogo ndani ya tumbo la diski, kama dramu iliyofichwa. Utaikuta kwenye Toyota na Subaru nyingi. Aina ya pili, ambayo Volkswagen nyingi na baadhi ya Mazda zinayo, haina shuu kabisa. Mgongoni mwa kalipa kuna mkono mfupi wa chuma unaovutwa na waya, na ndani kuna skrubu inayoisukuma pistoni ileile ya breki ya mguu. Gari la kisa hiki ni la aina ya pili.

Skrubu ile ina kazi nyingine. Kadiri pedi inavyolika, inajirefusha yenyewe ili pistoni isibaki mbali na diski. Lakini inafanya hivyo ikiwa tu ule mkono mfupi unarudi mpaka kwenye kizuizi chake kila hendibreki inaposhushwa. Ukiuzuia usifike, hata kwa milimita chache, skrubu haijirekebishi tena, na pedi inaanza kuburuzika.

Wiki tatu kabla

Alikuja Jumanne, mchana wa kazi nyingi. Magari matatu yalikuwa juu ya stendi.

"Fundi, hendibreki inapanda mpaka kwapani na gari bado linatembea. Mwisho wa mwezi nakwenda Manyovu, shemeji anasema uwanja wao unateremka sana."

Nikamwambia, "Hiyo ni waya umelegea tu, mama. Nipe dakika kumi."

Wakati ananisubiri alinitajia mambo mawili mengine. Mwezi uliopita kijana wa sheli alimwongezea mafuta ya breki kwa sababu yalikuwa yameshuka. Na rimu ya nyuma kushoto inachafuka kuliko nyingine zote. Anaiosha asubuhi, jioni ina unga mweusi. Nilimsikia, nikajibu kitu kuhusu vumbi la barabara.

Nilimulika kwa tochi ya simu kupitia rimu. Pedi ya nje kushoto ilikuwa na milimita 6 kwa kukadiria, kulia 5. Nzuri kabisa, maana tunabadilisha zikifika 3. Nikafungua plastiki za katikati ya viti, nikakaza nati ya waya mpaka mkono wa hendibreki ukatoka meno 12 (ile milio unapouvuta) ukaja meno 5. Tukajaribu kwenye kipando cha jirani na gereji, gari likashika. Daftarini niliandika: hendibreki, waya umekazwa.

Sababu za uamuzi ule zilikuwa hizi: pedi niliyoiona ilikuwa nene, gari lilishika kwenye jaribio, mteja ana haraka, na kwenye magari ya dramu niliyozoea kukaza waya kulikuwa kunatoa matokeo hapo hapo. Hakuna hata moja iliyonigusisha kalipa.

Siku ya safari

Jumamosi ile walipanda watu watano na mzigo. Kupanda hakukuwa na shida. Kule Manyovu shemeji alimwelekeza: "Vuta hendibreki vizuri, na uweke jiwe." Akavuta kwa nguvu zote, labda kwa mara ya kwanza tangu anunue gari. Gari likakaa pale kwa muda wa saa 5.

Saa 10 jioni alishusha hendibreki, taa nyekundu ikazimika, akaondoka. Taa ile inawashwa na swichi iliyo chini ya mkono wa hendibreki. Inajua mkono umeshuka. Haijui kama kalipa imeachia. Kushoto haikuwa imeachia. Gari lilikuwa zito kuanza, akadhani ni ndizi. Na otomatiki inaficha jambo kama hilo, kwa sababu unakanyaga mafuta kidogo zaidi tu na mambo yanaendelea.

Kwenye miteremko ya kurudi Mwandiga watoto wa nyuma walisema kunanuka plastiki. Baada ya kona mbili alikanyaga breki, pedali ikazama karibu na sakafu. Alipiga tena haraka haraka, ikapanda kidogo, gari likapungua mwendo. Akaweka L, injini ikalivuta gari, akalipeleka kwenye bega la barabara upande wa mlima. Hilo la kuweka L hakufundishwa na mtu. Anasema aliona herufi ipo, akakumbuka madereva wa malori wanashuka na gia ndogo. Naona ndicho kitendo bora katika kisa chote, na si cha fundi.

Simu na maamuzi ya barabarani

Alinipigia saa 11 kasoro. Nilimwambia mambo manne kwa haraka. Watoto washuke, wakae juu kwenye nyasi, mbali na barabara. Mawe yawekwe chini ya magurudumu. Hendibreki asiiguse. Na mtu yeyote asimwage maji kwenye gurudumu linalofuka, kwa sababu diski ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka. Wapita njia wawili tayari walikuwa wameshaleta ndoo.

Nilifika kwa bodaboda saa 12 na robo, nikiwa na jeki, spana, mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, na pedi kuukuu za aina ile nilizokuwa nazo gereji. Pedali nilipoikanyaga ilikuwa imerudi juu, ngumu, kama kawaida. Shemeji, ambaye alikuwa amewafuata kwa pikipiki, akasema, "Basi imepona, twende polepole."

Haikuwa imepona. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikiwa na maji. Kalipa iliyobana diski kwa kilomita kadhaa inafika huko bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, hivyo nguvu ya mguu inaishia kuubana badala ya kuisukuma pistoni. Ukisubiri ipoe, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapanda. Ukianza safari inachemka upya, safari hii mapema zaidi.

Giza lilikuwa linaingia. Niliamua gari lisitembee usiku. Familia ikapanda Hiace ya mwisho, gari likasukumwa ndani ya uwanja wa mwenyeji mmoja aliyekubali, nami nikarudi asubuhi.

Asubuhi ile nililegeza waya wa hendibreki wote, nikaugonga mkono wa kalipa ya kushoto taratibu kwa nyundo na kipande cha mti mpaka ukarudi, nikaweka pedi zile kuukuu, nikatoa upepo ulionaswa kwenye kalipa ile mpaka mafuta machafu yakaisha. Nikashuka nalo tupu, kwa gia ndogo, kilomita 30 kwa saa, shemeji akitangulia na pikipiki. Bado najiuliza kuhusu uamuzi huu. Kulivuta kwa kamba kwenye mteremko ningelikataa moja kwa moja, maana gari linalovutwa linahitaji breki kuliko linalojiendesha. Kulipandisha kwenye Fuso kungekuwa salama zaidi, na kama ningepata Fuso asubuhi ile ningefanya hivyo. Nisingependa kijana wangu wa gereji afanye nilichofanya mimi akiwa peke yake.

Tulichokuta gereji

Kushoto, pedi ya ndani haikuwa na kitu. Chuma kilikuwa kimesuguana na chuma, na uso wa ndani wa diski ulikuwa na mifereji kama rekodi ya santuri, ya bluu pembezoni kwa joto. Pedi ya nje ya upande huohuo, ile niliyoimulika, ilikuwa na milimita 6. Kulia, ndani 3, nje 5. Diski ya kushoto ilipima milimita 7.4 na ya kulia 8.7, ukingoni imegongwa kiwango cha chini, 8.

Pini ya juu kushoto ilitoka kwa mkono. Ya chini ilitugharimu dakika 40. Pini hiyo ina kimpira kama soksi mwishoni, na kimpira kilikuwa kimevimba kikajaza tundu lote. Tulikizungusha kwa spana kidogo kulia, kidogo kushoto, tukipuliza mafuta ya kulainisha, mpaka kikatoka na mlio wa kizibo. Kilinuka grisi ya beringi. Aliyebadilisha pedi mara ya mwisho alipaka grisi ya kawaida, naye bila shaka alidhani anafanya vizuri. Grisi inayotokana na petroli inaivimbisha mipira ya breki. Pini za kalipa zinataka grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki.

Pistoni ya kushoto ilikuwa na alama za kubanwa na klampu usoni. Pistoni ya aina hii hairudishwi kwa kubanwa, kwa sababu ndani imeshikwa na ile skrubu. Inarudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa. Ukiibana kwa nguvu unaumiza nyuzi za ndani, na kuanzia siku hiyo haijirekebishi sawasawa. Hapo ndipo meno 12 ya hendibreki yalipotoka. Waya haukuwa umelegea hata kidogo.

Kisha nikaona kazi yangu. Kabla ya kulegeza kule barabarani nilikuwa nimepiga picha, na picha inaonyesha mkono wa kalipa ya kushoto ukiwa milimita 4 mbali na kizuizi chake, hendibreki ikiwa imeshushwa. Mimi ndiye niliyeuvuta hapo. Kwa wiki tatu pedi ya ndani ilikuwa inaburuzika mjini kote, ikamaliza kile kidogo kilichobaki. Mkono wenyewe ulikuwa na kutu kwenye ekseli yake, raba yake imepasuka, na miaka minne ya kutovutwa imeufanya mzito. Ulipovutwa mpaka mwisho kule Manyovu, springi haikuwa na nguvu ya kuurudisha.

Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Matengenezo, na kwa nini hivyo

Mwenye gari aliniuliza swali la haki: kwa nini diski mbili wakati mbovu ni moja? Nilimwonyesha. Diski na pedi za ekseli moja zinabadilishwa pamoja, kwa sababu upande mpya na upande uliochakaa havishiki sawa, na kwenye lami yenye maji nyuma ya gari inaweza kutaka kupita mbele. Kuichonga ya kushoto hakukuwa na maana, maana ilikwisha kuwa chini ya 8 hata kabla ya kuchongwa.

Kalipa ilitusumbua zaidi. Mpya ilikuwa ya kuagiza na bei yake ilizidi uwezo wa mwezi ule. Ya mtumba kutoka Dar es Salaam ilipatikana, ikaja kwa basi pamoja na sili, raba za vumbi na grisi ya silikoni. Sikuifunga kama ilivyo. Kalipa ya mtumba imetoka kwenye gari la mtu mwingine lenye historia usiyoijua, na magari mengi yanatoka sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. (Wapo wanaolilaumu ziwa kwa kutu. Maji ya Ziwa Tanganyika ni baridi, si ya chumvi; upepo wake si upepo wa bahari.) Niliifungua, nikasafisha kiti cha sili, nikaikagua pistoni kwa ukucha kama ina vishimo, nikaweka sili mpya. Ya kulia nayo nikaifanyia vilevile.

Vumbi la breki tuliliosha kwa maji na sabuni kwa burashi, hatukulipuliza kwa upepo wa kompresa, maana si kitu cha kuvuta puani. Kalipa ilining'inizwa kwa waya kwenye springi. Hosi yake haibebi uzito. Uso wa habu, pale diski inapokaa, tuliusugua kwa burashi ya waya mpaka ukang'aa, kwa sababu punje ya kutu pale inaifanya diski iyumbe na pedali itetemeke. Mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya tuliyafuta kabisa. Pistoni tulizizungusha kurudi ndani; kwa gari hili pande zote mbili ni mwelekeo wa saa, lakini yako magari ambayo upande mmoja ni kinyume, na ukihisi inakataa simama uangalie. Mfuo wa usoni mwa pistoni uliwekwa ukabiliane na kijipini cha mgongoni mwa pedi. Wakati pistoni zinarudi, kikopo cha mafuta ya breki juu kilitaka kufurika, nasi tukanyonya yaliyozidi. Ni yale ya kijana wa sheli: mafuta yalikuwa yameshuka kwa sababu pedi zilikuwa zimelika na pistoni zimesogea mbele.

Kisha ukaja mpangilio ambao ningeufuata ile Jumanne kama ningefungua tairi. Waya ulikuwa umelegezwa kabisa tangu mwanzo. Tulitoa upepo magurudumu yote manne na kuweka DOT 4 mpya. Pedali ikakanyagwa polepole mara 40, bila kugusa hendibreki, ili skrubu zijirefushe. Kijana akalala chini akahakikisha mikono yote miwili ya kalipa imelala kwenye vizuizi. Ndipo nati ya waya ikakazwa, kwa kuondoa ulegevu tu, na mikono ikaangaliwa tena kwamba haijanyanyuka. Hendibreki ikashika kwenye meno 6.

Kuzoeza pedi mpya kulifanyika kwenye lami tambarare: kutoka kilomita 60 kwa saa kushuka mpaka 20, kwa kukanyaga kiasi, mara 15, ukiendesha kidogo katikati ili zipoe, bila kusimama kabisa na kuiacha pedi moto ikigandamiza sehemu moja ya diski.

Yaliyofuata

Fedha ya kazi sikuichukua. Spea alilipa mwenyewe; nilijitolea kuchangia, akakataa.

Jioni ya siku gari lilipotoka nilikaa na daftari nikatafuta maneno "waya umekazwa" kwa mwaka mzima. Yalikuwa magari manne mengine yenye diski nyuma. Niliwapigia wote. Mawili yalikuwa ya shuu ndani ya diski, na shuu zilihitaji kurekebishwa kwa kijigurudumu chao, kisha waya kurudishwa. La tatu lilikuwa zima. La nne lilikuwa na mkono wa kalipa umenyanyuka milimita 2 na pedi ya ndani imebaki milimita 2, ya nje 5. Mwenyewe hakuwa amehisi chochote.

Uchambuzi

Nikiyapanga makosa, la klampu na la grisi yalitangulia, na kutotumia hendibreki kulisaidia. Lakini gari lilikuja likiwa na ugonjwa unaoonekana, nami nikauondoa usionekane. Mkono wa hendibreki kupanda juu ndiyo ilikuwa sauti pekee ya kalipa ile. Pedi alizokuwa nazo hazikuwa na kile kibati kinacholia zikiisha. Nilipoushusha mkono kwa kukaza waya, mwenye gari alipoteza onyo lake la mwisho, na mbaya zaidi akapata imani mpya ya kuitumia hendibreki kwa nguvu.

Zile taarifa mbili alizonipa zilikuwa na thamani kuliko tochi yangu. Rimu moja kuwa na unga mwingi maana yake pedi moja inalika kuliko nyingine. Gari zima linapita kwenye vumbi lilelile. Mafuta ya breki kushuka ni pedi kuisha au ni kuvuja, na yote mawili yanataka tairi lifunguliwe. Kuongeza tu ni kufuta alama. Sasa pale gereji mteja akisema neno kuhusu breki tunaliandika kwa maneno yake kabla ya kushika gari, ili fundi asilisahau mkononi akiwa na spana.

Jaribio langu la kipando nalo lilikuwa na kasoro. Lilipima kama hendibreki inashika. Halikupima kama inaachia, na kwenye diski za nyuma kuachia ndiko kunakoharibika kwanza. Kupima hilo ni rahisi: jeki, gia kwenye N, vuta, achia, zungusha gurudumu kwa mkono, linganisha kushoto na kulia. Msuguo mdogo wa pedi kugusa ni kawaida. Kukaba si kawaida. Njia nyingine ambayo hata mwenye gari anaiweza ni kuendesha kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, kusimama, na kusogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, lete gari.

Yaliyofanikiwa: L, mawe, maji kukataliwa, watoto kutoka garini, na kutodanganywa na pedali iliyorudi. Pia kuweka gari usiku ule, ingawa shemeji alinuna.

Kwa matunzo, gari hili sasa lina utaratibu wake. Kila kilomita 10,000, au masika yanapoisha, tairi za nyuma zinafunguliwa, pedi zote nne zinapimwa kwa venia (kipimo cha milimita cha kubania) na kuandikwa ndani na nje, pini zinatolewa, zinafutwa na kupakwa grisi ya silikoni hata kama zinateleza. Mafuta ya breki kila miaka 2. Nati za tairi zinakazwa kwa spana ya kipimo, karibu Nm 100 kwa gari hili, kwa mpangilio wa msalaba. Na mwenye gari anavuta hendibreki kila siku: mguu kwenye breki, gia N, hendibreki, achia mguu gari likae juu ya hendibreki, ndipo P. Kwa magari yenye hendibreki ya kitufe utaratibu wa kurudisha pistoni ni mwingine, unaanzia kwenye kompyuta ya gari, na aliye na gari hilo asimruhusu mtu kuzungusha chochote kabla ya hapo.

Amerudi mwezi uliopita, miezi 6 na kilomita 9,000 baadaye, akiwa ameshapanda Manyovu mara tano. Pedi mpya zilikuwa na 9.5. Kushoto ndani 8.4, nje 8.4. Kulia ndani 8.1, nje 8.5. Nimeitoa pini ya chini ya kulia, ilikuwa inateleza lakini kwa uzito kuliko wenzake, nikabadilisha kimpira chake na kuandika tarehe. Atarudi kabla ya mvua kuanza, tulipime tena gurudumu hilo.